Safu ya Tano: Mengineyo

Wafadhili wameleta jedwali lenye safu tano.
Nauli. Chakula. Malazi. Vifaa.
Ya tano ni Mengineyo,
na chini yake, kwa wino mwekundu:
isizidi asilimia tatu, iambatane na risiti.

Nipo Wete, ghorofani,
juu ya duka la misumari na rangi.
Umeme umekatika tangu alasiri,
kompyuta imebakiwa na roho ya nusu saa.
Nahesabu.

Nauli ya Micheweni, mara kumi na moja: ipo.
Betri mbili, na kitambaa cha kufutia lenzi
kwa kuwa vumbi la kokoto halibishi hodi: vipo.
Soda ya Sheha: haina risiti.
Alicheka mpaka kofia ikamteremka.
"Yakhe, mie n'toe stakabadhi ya soda?"

Na Mize binti Shaame je?
Mize wa maweni, aketiye juu ya gunia,
mguu mmoja kaunyosha, mmoja kaukunja,
nyundo kuume,
na kushoto vidole vimevishwa pete
zilizokatwa kwenye mpira wa baiskeli.
Siku nne nilimwambia geuka,
inua uso kidogo, ngoja kivuli kipite.
Akangoja.
Kila jioni akapima, kila jioni ndoo mbili pungufu.
Akasema bila hasira, kama mtu asomaye saa:
"Picha zako zimenila ndoo nane.
Waandikie hao wenzio."

Ndoo moja mia tano.
Nimeandika: Kokoto, ndoo nane, elfu nne.
Nimefuta. Nimeandika tena.
Naijua barua itakayorudi:
Tafadhali fafanua uhusiano wa kokoto na mradi.

Picha wanayoitaka ni namba mia mbili na sita.
Nyundo iko juu,
vumbi limesimama hewani kama lililoitwa jina,
na nyuma, pembeni, mjukuu wake Asaa,
shati la skuli kalifunga kiunoni,
karai kichwani.
Wameniandikia: Hii ndiyo itakayofungua maonyesho.
Mtoto ndiye anayeibeba picha.

Kubeba, anabeba.

Nilimpelekea Mize nakala, nimeichapisha Chake
kwa pesa yangu, nayo haimo jedwalini.
Hakuuliza kama katoka vizuri.
Aliweka dole gumba juu ya Asaa
mpaka Asaa akapotea.
"Huyu mtoe."

Nikamweleza haki za mtoto.
Nikamweleza ulimwengu, na macho ya ulimwengu,
maneno yaleyale ya ombi langu la fedha,
ukurasa wa tatu, aya ya pili,
yamepigwa pasi.
Alinisikiliza mpaka pumzi ikaniishia.

"Siku ile mwalimu kamrudisha, hana daftari.
Siku moja.
Nyinyi mtaigeuza umri wake.
Mie nitie. Mikono nitie, na nyufa zake.
Bei ya ndoo iandike kwa herufi kubwa,
na jina la mwenye lori lijalo kuzizoa.
Hilo lori, mwanangu, mbona hukulipiga?"

Sikulipiga.
Lilikuja mara sita mbele yangu,
na kila mara nilishusha kamera
nikingoja liondoke, liniachie watu.

Feni limeanza kuzunguka. Umeme.
Karatasi za risiti zimetawanyika sakafuni
nami nazikusanya kwa magoti.
Namba mia mbili na sita nimeitoa.
Nimetia mikono.
Nimeomba siku tatu zaidi, na nauli
ya kulifuata lori kutoka maweni
hadi lango la mwisho linapopigia honi.
Huenda wakakataa; hilo si ombi la ukurasa wa tatu.

Na kokoto imebaki pale pale, safu ya tano,
elfu nne.
Risiti ninayo:
dole gumba la vumbi, mistari yake yote yasomeka,
katikati ya nakala niliyorudishiwa,
pale alipokuwa mtoto.